Bima Hupenda Mlango Uliovunjwa

Fundi wa kufuli hulipwa kwa kazi ileile ambayo mwizi hufungwa kwa kuifanya. Tofauti ni ruhusa, na ruhusa haionekani kwa macho. Ukipita kwenye korido ya ploti kule Pipeline saa nne usiku, ukute mtu amepiga magoti mbele ya mlango, tochi mdomoni, waya mkononi, huwezi kujua kama anasaidia ama anaiba. Itabidi uulize. Na hata ukiuliza, utaamini jibu la nani?

Mimi ni mmoja wa hao wanaopiga magoti. Nafanya kazi na mjomba wangu kwenye kibanda kilichobanwa chini ya ngazi, hatua chache kutoka Tom Mboya Street, Nairobi. Tuko na mashine mbili za kuchonga funguo, jiriwa moja, tupa za kila saizi, na ubao wenye picha ya ufunguo mkubwa wa manjano ambao Mjomba alijichorea mwenyewe. Niliingia 2019 nikiwa na diploma ya uhasibu na CV iliyokuwa imezunguka mji mzima. Nilisema ni ya miezi mitatu tu, nikitafuta kazi. Bado niko.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hakuna mtu hutuuliza karatasi. Kanjo huuliza permit, sawa, lakini mteja haulizi chochote. Anakuja mbio, anatoa ufunguo wa nyumba yake, anasema, "Fundi, nitolee mbili, narudi saa hii," anaenda kununua maindi choma. Ameacha na mtu asiyemjua kila kitu alicho nacho: TV, mtungi wa gesi, laptop, watoto waliolala. Analipa Sh150 na kuenda zake.

Dhamana yake ni nini? Ni uso wa Mjomba. Amekaa chini ya ngazi hiyo tangu 2004. Anajulikana na wauza simu, na mama wa chai, na soja wa benki. Mtu akiibiwa, anajua pa kurudi. Hiyo ndiyo bima ya mtaani: mtu asiyehama.

Pia kuna daftari. Mjomba hafungui nyumba mpaka aone kitambulisho cha mpangaji, na caretaker ama jirani asimame hapo akishuhudia. Hachongi ufunguo kutoka kwa picha ya simu, wala kutoka kwa alama iliyobonyezwa kwenye sabuni, hata umpe ngapi. Gari halifungui bila kuona logbook na jina lililo ndani. Halafu anaandika: tarehe, nambari ya kitambulisho, mtaa, nani alikuwepo. Ana madaftari kumi na saba, yote amefunga kwa mpira kwenye sanduku la bati. Nikimwambia tuyaweke kwa simu, ananiangalia kama mtu aliyependekeza tuyaweke kwa moto.

Basi mwaka jana ikaja kazi kubwa. Kampuni fulani inayosimamia fleti Kileleshwa ilitaka silinda za milango ya mbele zibadilishwe kwenye nyumba 64. Wapangaji walikuwa wamehama na kuhamia kwa miaka, na hakuna aliyejua funguo ngapi zilikuwa zikitembea huko nje. Wao wangenunua silinda, sisi tungelipwa Sh1,200 kwa kila mlango. Hiyo ni Sh76,800, na juu yake tungekuwa mafundi wao wa kuitwa kwa mwaka mzima. Kwetu hiyo ni doo ya maana. Masharti yalikuwa matatu: PIN ya KRA, permit ya kaunti, na cheti cha bima. Mbili tulikuwa nazo.

"Bima ya nini?" Mjomba akauliza. "Mimi ndiye naogopa mlango, ama mlango ndio unaniogopa?"

Nikasema nitafuatilia. Mimi si ndiye mhasibu.

Ajenti wa kwanza alifungua kompyuta yake, akatafuta, akatafuta tena. Kazi yetu haikuwa kwa listi. Kulikuwa na seremala, fundi wa umeme, fundi bomba, duka la vifaa vya ujenzi. Fundi wa kufuli hakuna. Akanipa chaguo mbili: atuandike kama maseremala, ama kama kampuni ya ulinzi. Bei ya kampuni ya ulinzi ilikuwa ya watu wenye mbwa na magari. Bei ya seremala ilikuwa tamu. "Andika seremala tu, madam," akasema, "hakuna mtu huangalia."

Hapo ndipo kila fundi anayesoma hii anafaa asimame. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa yule anayeomba kinga. Kampuni haiwezi kuja kukuchunguza kila siku, kwa hivyo inategemea ulichosema. Ukisema wewe ni seremala, halafu siku ya hasara wapate ni kufuli ulikuwa unafungua, wana sababu ya kukataa kulipa, na ada yako imeenda na maji. Hakuna mtu huangalia wakati unalipa. Wakati wa kulipwa, kila mtu huangalia.

Nikamwacha, nikaenda kwa dalali. Ajenti huuza bidhaa za kampuni, dalali hutakiwa kukutafutia wewe. Huyu aliuliza maswali sahihi. Mnafanya nyumba ama magari? Mko wangapi? Mashine zina thamani gani? Mnaacha nakala za funguo za wateja kibandani? Baada ya wiki mbili akaleta hesabu. Naiweka hapa yote, kwa sababu mimi niliitafuta kila mahali nisiipate, na kwa sababu watu husema "bima ni ghali" kama vile ni kitu kimoja. Hii ni bei yetu, ya kibanda chetu, yako itatofautiana.

Dhima kwa umma, yaani tukimuumiza mtu ama kuharibu mali yake tukiwa kazini, kikomo Sh5,000,000: Sh17,500 kwa mwaka.

Majeraha ya wafanyakazi, ile watu huita WIBA, kwa watu wawili: Sh7,500.

Mashine na vifaa vya Sh280,000, kwa asilimia 3.5: Sh9,800.

Uaminifu wa wafanyakazi, yaani mmoja wetu akiiba, kikomo Sh500,000: Sh10,000.

Jumla Sh44,800. Ongeza ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, na asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikianguka. Hiyo ni Sh201.60. Ongeza ushuru wa stempu, Sh40 kwa kila mkataba, mikataba miwili. Sh45,081.60, na inalipwa mbele: kwa Sheria ya Bima ya Kenya, kinga haianzi mpaka ada ifike. Kileleshwa nao wangetulipa siku 30 baada ya kazi.

Mjomba hahesabu kwa shilingi. Anahesabu kwa funguo. Ufunguo wa Sh150, ukitoa chuma chenyewe na stima, unatuachia kama Sh100. Akagawanya kwa kalamu kwenye kiganja. "Funguo 451," akasema. "Nichonge funguo 451 ndipo mtu aniamini nichonge ufunguo."

Lakini pesa si ndiyo ilinikosesha usingizi. Ni yale maneno madogo. Nilichukua ule mkataba wa mfano nikausoma wote, nikiwa kwa matatu ya Roysambu, jam ya Thika Road ikinipa muda. Ndani ya dhima kwa umma kulikuwa na orodha ya mambo yasiyolipiwa, na kati yake ilikuwa hii: uharibifu wa ile sehemu ya mali ambayo fundi anaifanyia kazi. Nikasoma tena. Yaani nikiwa nafungua mlango wa mteja nimpige jirani na nyundo, bima inalipa. Nikiangusha drili ivunje kioo cha meza, inalipa. Nikiuharibu ule mlango wenyewe, hailipi. Fundi wa kufuli maisha yake yote ni mlango. Walikuwa wanatuuzia mwavuli unaofunika kila kitu isipokuwa kichwa.

Jambo la pili nililijua tayari, kwa sababu lilikuwa limetutembelea kibandani.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mwenye duka la vipuri vya simu. Alikuwa ameibiwa usiku mmoja, stoku yote. Si sisi tulikuwa tumemchongea ufunguo; alimjua Mjomba kwa sifa tu. Alikuwa na bima ya wizi, amelipa miaka minne bila kukosa. Mkaguzi wa kampuni alikuja, akaangalia kufuli, akaangalia mlango, akapiga picha. Kila kitu kilikuwa kizima. Aliyeingia aliingia na ufunguo. Na bima ya wizi wa dukani, kama zilivyo nyingi, ilisema inalipa pale ambapo mwizi ameingia kwa nguvu na kuacha alama za kuvunja. Hakukuwa na alama. Hakukuwa na malipo.

Yule jamaa hakuwa amekuja kutengenezewa kufuli. Alikuwa amekuja kutaka ivunjwe. Alisema polepole, akiangalia chini: mkaguzi ataitwa tena, kwa hivyo Mjomba aende usiku, avunje kufuli vizuri, ionekane ni kazi ya mwizi. Angempa Sh10,000. Mbele yangu.

Mimi nilikuwa na hasira kwa niaba yake. Ameibiwa kweli, amelipa kweli, na sasa anaambiwa aliibiwa vibaya. Mjomba alimpa kiti, akamwagizia chai. Akamwambia, "Ndugu yangu, pole. Lakini nikivunja hiyo kufuli, kesho nitakuwa na kazi gani?" Yule mtu akanywa chai yake yote, akashukuru, akaenda. Duka lilifungwa baada ya miezi michache. Sasa huwa namwona akiuza makava ya simu barabarani, na tunasalimiana.

Nimefikiria sana kisa hicho. Bima hupenda mlango uliovunjwa, kwa sababu mlango uliovunjwa ni ushahidi. Kazi nzuri ya fundi wa kufuli haiachi ushahidi. Mteja anarudi nyumbani, mlango uko vile ulivyokuwa, kitasa hakina mkwaruzo. Ubora wetu ndio kitu ambacho karatasi zao haziwezi kusoma. Tukikosea, kuna alama, tukifaulu, hakuna. Na mtu akitumia ufundi kama wetu kuiba, mwenye mali ndiye anabeba.

Ndiyo maana bei iko hivyo, naona. Kampuni ya bima hupiga hesabu kwa kuangalia nyuma: mafundi wangapi walikuwa na kinga, wangapi walidai, kiasi gani. Sisi wa chini ya ngazi hatuko kwenye hesabu hiyo. Asiyejulikana huwekewa bei ya kuogopwa. Halafu fomu ya kibanda na fomu ya kampuni kubwa zinasomwa na mtu yuleyule kwa saa zilezile, kwa hivyo kuna ada ya chini kabisa ambayo haishuki hata biashara yako iwe ndogo vipi. Bei ikiwa juu, hatununui. Tusiponunua, hawatujui. Gurudumu linazunguka hapo hapo.

Na si kwamba watu wetu ni wajinga. Kenya nzima, ada zote za bima hazifiki asilimia 3 ya pato la taifa. Watu wana kumbukumbu. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi 2005. Standard Assurance, 2009. Blue Shield, 2011. Hao walikuwa na matatu nyingi, na kuna watu waligongwa barabarani, wakashinda kesi, wakabaki na hukumu isiyo na mlipaji. Mzazi aliyepitia hiyo humwambia mtoto wake: weka pesa yako kwa chama.

Tuko na chama pia. Mafundi 14 wa ile laini yetu, Sh500 kila wiki. Moto ulipomuunguzia mwenzetu mashine, chama kilimpa pesa jioni ileile, kupitia M-Pesa, bila fomu. Hakuna kampuni ingefanya hivyo. Lakini nilimuuliza Mjomba swali moja: siku tukiwa Kileleshwa, ghorofa ya sita, silinda iteleze kutoka mkononi, imwangukie mtoto wa mtu kule chini, wakili aje na dai la milioni tatu, chama kitatoa wapi? Akanyamaza. Chama kinaweza kununua mashine. Hakiwezi kununua uti wa mgongo.

Nilitarajia tubishane zaidi kwenye WIBA, kwa sababu tuko na kijana mmoja tu wa kuajiriwa, na huyo wa pili kwenye fomu ni mimi. Lakini Mjomba aliipitisha bila neno. Nilishangaa, mpaka nikakumbuka jicho lake.

Jicho la kushoto la Mjomba halioni. Sisi wa familia tumelizoea hadi tumesahau. Mwaka 1998 alikuwa mwanafunzi wa ufundi kwenye karakana moja mjini, akichonga shaba bila miwani, kipande kikaruka. Mwenye karakana alimpa nauli ya kwenda hospitali. Wiki iliyofuata mtu mwingine alikuwa ameketi kwenye stuli yake. Hajawahi kusimulia zaidi ya hapo, na hata hayo niliyapata kwa mama yangu.

Sheria ya sasa ya majeraha kazini ni ya 2007. Inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, hata kama ni mmoja. Ulemavu wa kudumu kabisa hulipiwa mishahara ya miezi 96, na jeraha dogo zaidi hulipiwa kwa asilimia yake. Nilimsomea Mjomba hayo kwa sauti, kijana wetu akiwa nje akichonga ufunguo wa Union, miwani ya plastiki usoni. Mjomba alimwangalia kwa muda. "Lipa hiyo kwanza," akasema. "Hayo mengine ndiyo tutajadili."

Tukajadili. Kileleshwa walitaka mbili tu, dhima na WIBA, kwa hivyo bima ya mashine tukaiacha. Mashine hulala kwa stoo yenye kufuli zetu wenyewe, na chama kipo. Ya uaminifu pia tukaiacha. Mjomba alisema akifika mahali pa kulipia bima dhidi yangu, heri afunge kibanda. Badala yake nilirudi kwa dalali na ile karatasi, nimepiga mstari chini ya yale maneno ya sehemu inayofanyiwa kazi. Nikauliza kama yanaweza kuondolewa. Akasema hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, akapiga simu. Yakawezekana: wangeongeza kifungu kinachofunika mlango wenyewe hadi Sh200,000, kwa Sh6,000 zaidi. Jumla ikawa Sh31,000, na pamoja na ushuru na stempu, Sh31,219.50. Funguo 313. Tuliitoa kwenye pesa tuliyokuwa tunaweka ya mashine ya funguo za gari zenye chip. Mashine hiyo bado hatuna, na kila wiki tunarudisha wateja wa magari.

Jambo la mwisho nililodai ni jina la kazi. Rasimu ya kwanza ilirudi imeandikwa "matengenezo ya jumla." Nikairudisha. Ya pili ikarudi "seremala na kadhalika." Nikairudisha. Ya tatu iliandikwa fundi wa kufuli, nyumba na magari. Mjomba aliishika mbali na uso, akaisoma kwa lile jicho moja, akauliza kama inaweza kuwekwa plastiki.

Kazi ya Kileleshwa ilichukua siku 11. Milango 64, na mmoja tu ulitusumbua, mbao zake zilikuwa zimevimba kwa mvua. Meneja alipokea cheti kwa WhatsApp, akajibu kwa dole gumba. Sidhani alikifungua. Alichofanya ni kuuliza caretaker wa jengo la pili, ambaye aliwahi kufunguliwa nyumba na Mjomba 2016, kama huyu mzee ni mtu wa kuaminika.

Wiki iliyopita umefika ujumbe wa kuhuisha mkataba. Mwaka mzima hatujadai hata senti, na nilikuwa nimetumaini bei itashuka kidogo. Ni ileile. Nimemwonyesha Mjomba, naye akacheka. "Kumbe bado hawatujui," akasema. Halafu akaita kijana, akamwambia avute mkebe wa Blue Band ulio chini ya meza, ule tunaowekea Sh100 ya kila ufunguo wa tatu. Tukahesabu pamoja. Tumebakisha funguo 40.